Shajara ya mradi: kuifanya katamarani kuukuu kuwa makazi, Hori ya Kilifi, 2023–2024

14 Januari 2023: Ununuzi na hesabu ya mstari wa maji

Shajara hii naiandika ili anayekusudia kazi kama hii aweze kufuata hatua zetu, na hasa aweze kuzikwepa zile tulizolazimika kuzirudia. Mimi ni fundi mitambo niliyestaafu kazi ya bandarini Mombasa, mke wangu ni mshonaji, watoto wamekwisha kujitegemea, na tumekubaliana kuihama nyumba ya kupanga tukaishi ndani ya chombo hapa Kilifi.

Chombo chenyewe ni katamarani, yaani chombo cha miili miwili iliyounganishwa kwa sitaha moja, aina ya Prout Snowgoose 37, kilichoundwa Uingereza mwaka 1983 na kampuni ya ukoo wa Prout wa Canvey Island. Urefu wake ni mita 11 na kidogo, upana wake karibu mita 4.6, na huelea penye kina cha sentimita 80 hivi. Aliyezoea ngalawa hataona ajabu, kwa kuwa hapa pia utulivu hutokana na upana, wala si uzito uliofungwa chini ya mkuku. Mlingoti umesimama nyuma kuliko kawaida, tanga kuu ni dogo na la mbele ndilo kubwa. Mashine ni moja ya dizeli, inayozungusha propela kupitia mguu wa alumini unaoshuka kati ya miili miwili na unaoweza kuinuliwa juu ya maji.

Tumelipa shilingi 2,600,000. Chombo kilikuwa kimekaa kwenye nanga karibu miaka sita bila mtu ndani yake, na ukaguzi wangu wa siku tatu ulinionyesha kwamba mashine inawaka, matanga yatafaa kwa msimu mmoja au miwili, waya za mlingoti hazina budi kubadilishwa, nyaya za umeme ni za kuogofya, na sitaha inabonyea chini ya kisigino mahali pengi. Bajeti ya matengenezo tumeiweka kuwa shilingi 1,100,000.

Kilichonishughulisha zaidi, hata hivyo, ni mstari wa maji, yaani alama ya mahali ambapo maji yanapaswa kuishia ubavuni. Kiwanda kiliuchonga mstari huo kwenye gamba la faiba, mchirizi mwembamba unaoonekana ukikwangua rangi kwa ukucha, lakini juu yake kuna kingo mbili za zamani za rangi ya chini, ile inayozuia majani kuota, moja juu ya nyingine. Wenye chombo walikuwa wakikipakia mizigo, kinazama, nao badala ya kupunguza mizigo wakaipandisha rangi. Nilicheka nilipoiona.

Katamarani haivumilii uzito kama jahazi linavyouvumilia, na hesabu yake ni nyepesi. Kila mwili una urefu wa karibu mita 10 majini na upana wa sentimita 90, na kwa kuwa umechongoka tezi na omo, eneo lake ni kama asilimia 70 ya mstatili huo, yaani mita za mraba 6.3. Miili miwili ni mita za mraba 12.6, kwa hiyo kukizamisha chombo sentimita 1 katika maji ya chumvi kunahitaji takriban kilo 130. Nilijaza matangi ya maji na ya dizeli, nikangoja alfajiri isiyo na upepo, nikapima kwa futi kutoka ukingo wa sitaha hadi majini katika pembe nne. Kwa wastani chombo kimezama sentimita 7 chini ya mstari wa kiwandani, ambazo ni kilo 910 za ziada. Tena kimelalia kushoto kwa sentimita 3. Betri zote na jiko viko upande wa kushoto, kwa hiyo nimeandika kwamba sababu ni hizo.

5 Februari 2023: Kutoa mizigo

Tulitumia mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia ya makaa, na hakuna kilichotoka ndani ya chombo bila kuandikwa uzito wake. Jenereta mbovu ilikuwa na kilo 61. Yalitoka pia matanga manne yaliyooza kwenye mikunjo, masanduku matatu ya vitabu vilivyoota ukungu, nanga ya nne, mikebe ya chakula iliyovimba, na ndoo mbili za boliti za chuma ambazo sidhani ziliwahi kuwa za chombo hiki. Jumla ilifika kilo 412. Tuliuza vilivyouzika kwa shilingi 47,000.

Kwa hesabu chombo kilipaswa kupanda sentimita 3.2, nacho kilipanda 3. Ila sasa kimelalia kushoto sentimita 4.5 badala ya 3, kwa sababu takataka nyingi zilikuwa upande wa kulia. Nimeridhika kwamba zikiondoka betri, ulalo utaondoka nao.

20 Machi 2023: Sindano zilizotupotezea mwezi

Sitaha ya chombo hiki ni kama mkate uliopakwa katikati: gamba la faiba juu, gamba la faiba chini, na kati yake mbao nyepesi ya balsa yenye unene wa milimita 12. Balsa ikiwa kavu ni nyepesi na imara ajabu. Maji yakiipata kupitia tundu moja la skrubu lisilozibwa vizuri hugeuka uji, na kwa kuwa imefunikwa juu na chini, haikauki tena.

Kujua mipaka ya ubovu hakukuhitaji mita. Nilimwomba fundi mmoja wa majahazi, mzaliwa wa Matondoni, kijiji cha Lamu kinachojulikana kwa uundaji wa majahazi, aje anisaidie. Hakuwahi kuigusa sitaha ya aina hii, lakini alichukua mpini wa nyundo akaenda akigonga kila shubiri moja huku akiandika kwa chaki, na ndani ya saa mbili ramani ilikuwa tayari. Palipo pazima palilia kavu kama mlango mgumu, na palipooza palitoa mlio wa bubu. Mabaka yalikuwa manne, ya jumla ya mita za mraba 5.5.

Mimi sikutaka kukata. Nilikuwa nimesoma kwamba mtu anaweza kutoboa matundu na kudunga epoksi, gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, kwa sindano hadi ijae, nikatoboa matundu 140 katika baka kubwa la mbele ya mlingoti, nikakausha kwa feni siku tano, nikadunga. Fundi alitazama, akauliza yale maji yatakwenda wapi, nami nikamjibu kwa maneno mengi.

Mwezi mmoja baadaye sitaha bado ilibonyea. Nilikata kipande cha ukubwa wa kiganja nikaona sababu. Kila tundu lilikuwa limeacha kijiti kigumu cha epoksi, kilichosimama wima kama pipi, na kati ya kijiti na kijiti balsa ilikuwa ileile, nyeusi, ikichuruzika maji nilipoibana kwa vidole. Epoksi haiwezi kuingia mahali ambapo maji yamekwisha kujaa. Gharama ya somo hili ni shilingi 38,000, na wiki nne za kiangazi ambazo zisingerudi.

16 Aprili 2023: Kukata, kutoa, kujaza

Tulifunga turubai juu ya sitaha nzima, maana masika yalikuwa yamekaribia, tukakata gamba la juu kwa grainda yenye diski nyembamba, kina cha milimita 3 tu ili gamba la chini lisiguswe. Balsa iliyooza ilitoka kwa patasi na kwa mikono. Magunia yake tuliyapima, yakawa kilo 61, wakati mbao hiyohiyo ikiwa kavu haifiki kilo 10. Gamba la chini lilikauka kwa feni siku tisa.

Badala ya balsa tumeweka povu gumu la ujenzi wa boti, lenye seli zilizofungwa, la unene uleule. Kubandika, kujaza na kulaza faiba juu yake ni kazi iliyoelezwa kila mahali, kwa hiyo naandika makosa tu.

Kosa la kwanza lilikuwa kigumuzi, kile kinachochanganywa na epoksi ili igande. Nilinunua cha haraka kwa kuwa ndicho kilichokuwepo dukani, nikachanganya lita moja katika kopo refu saa nne asubuhi. Epoksi hutoa joto inapoganda, na ikiwa nyingi mahali pamoja joto hilo huichochea igande haraka zaidi. Kabla sijamaliza kulowesha kitambaa cha kwanza kopo lilianza kufuka moshi, likavimba, likayeyuka ubavuni, nasi tukalitupa ndani ya ndoo ya mchanga. Tangu siku hiyo tumetumia kigumuzi cha polepole, tukichanganya mililita 300 kwa mara moja, tukizimimina mara moja kwenye sinia pana, na kazi imefanyika kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tatu.

La pili lilijificha zaidi. Tabaka la pili la faiba, lililolazwa siku moja baada ya la kwanza, lilibanduka pembeni kama ganda la ndizi. Katika unyevu wa pwani epoksi inapoganda hutoa utando mwembamba unaonata kama nta, na rangi au tabaka jipya halishiki juu yake. Kuupiga msasa peke yake ni kuusambaza. Utando huo huyeyuka katika maji, hivyo unasugua kwanza kwa maji safi na kitambaa, unakausha, ndipo unapiga msasa. Tulibandua mita moja na nusu ya mraba tukaanza upya.

Matundu yote ya vifaa vya sitaha tumeyatengeneza kwa namna moja: boliti ya milimita 8 hutobolewa tundu la 12, tundu hujazwa epoksi yenye unga, na ikishaganda hutobolewa la 8 katikati. Hivyo hata lakiri ya pembeni (gundi laini ya kuzibia maji) ikifeli, maji hukutana na epoksi wala hayafiki ndani. Yako matundu 94 na nimeyafanya yote, ingawa baada ya la sitini nilianza kutafuta visingizio.

Gharama ni shilingi 236,000. Uzito uliopungua, baada ya kutoa uzito wa vifaa vipya, ni kama kilo 40 tu. Nilitarajia zaidi.

25 Juni 2023: Umeme

Masika yalituweka ndani, na ndani ndiko kulikokuwa na umeme. Nyaya za zamani zilikuwa zimeunganishwa na vizazi vitatu vya mafundi, kila mmoja akipitisha zake juu ya za mwenzake. Tulizing'oa zote, kilo 38. Betri sita za risasi, kila moja kilo 28, zimetoka upande wa kushoto, na mahali pake zimeingia betri mbili za lithiamu za ampea-saa 200, jumla kilo 48, ambazo nimezifunga upande wa kulia ili kuurekebisha ule ulalo. Paneli tatu za sola za wati 200 ziko juu ya fremu ya nyuma.

Kosa lililonigharimu hapa nililifanya mwezi wa Aprili. Nikiwa na haraka ya kupata taa na pampu ya ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, maji yanakokusanyika), nilitumia waya wa kawaida wa nyumba, shaba tupu, kwa kuwa bei yake ni chini ya nusu ya ile shaba iliyopakwa bati inayotumika baharini. Wiki mbili zilizopita pampu ilianza kuvuta kwa kuguna. Mita ilisoma volti 12.8 kwenye betri na 10.6 kwenye pampu. Nilipovua plastiki ya waya karibu na kiungo niliona shaba imekuwa nyeusi kwa kiasi cha shubiri nzima ndani ya ganda lake, na ukiisugua inatoka unga wa kijani. Chumvi hupanda ndani ya waya kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Tumetoa waya wote huo, shilingi 27,500 zimekwenda bure, na tumeweka uliopakwa bati, viungo vyote vikiwa vimebanwa kwa koleo na kufunikwa kwa mpira unaonywea kwa moto wenye gundi ndani.

Mambo mawili zaidi kwa atakayeiga. Betri ya lithiamu hupokea umeme kwa pupa, na ukiiunganisha moja kwa moja na dainamo ya mashine, dainamo itafanya kazi kwa nguvu zake zote hadi iungue. Tumeweka kati yake chaja inayozuia mkondo usizidi ampea 30. Na paneli tulizifunga kwanza kwa mfuatano, zote kwenye kidhibiti kimoja, mpaka nikaona kwamba kivuli cha mlingoti kikiangukia paneli moja, zote tatu zinalegea. Sasa kila paneli ina kidhibiti chake. Jua la hapa hutupa karibu kilowatisaa 2.4 kwa siku njema, na friji, taa, pampu na cherehani havimalizi nusu yake.

Gharama, bila ule waya uliopotea, ni shilingi 412,000. Uzito umepungua kilo 96. Kwa wastani chombo sasa kiko sentimita 2.7 chini ya mstari, na bado kinalalia kushoto sentimita 1 na kidogo. Hesabu yangu ilisema kingesimama sawa au kulalia kulia. Nimeipitia mara tatu bila kuona kosa.

3 Septemba 2023: Tumepwelewa

Moja ya faida za chombo hiki ni kwamba hakihitaji winchi wala chelezo. Unakipeleka ufukweni maji yakiwa yamejaa, kinakaa juu ya mikuku yake miwili mifupi, maji yanapwa, unafanya kazi chini yake kwa saa sita, na maji yakirudi unaondoka. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makuu karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hapa Kilifi maji hujaa karibu na saa kumi na kupwa karibu na saa nne, kwa hiyo mtu hupata kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana.

Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 31 Agosti, na tarehe 1 Septemba jioni tulipanda. Nilitaka tukae juu kabisa, kwenye mchanga mgumu, nikakisukuma chombo kwa mashine hadi kikasimama. Mpango ulikuwa kukwangua, kupaka rangi, na kuondoka jioni ya tarehe 2. Jioni ya tarehe 2 maji yalikuja yakatufika, yakainua tezi kidogo, yakasita, yakarudi. Leo yalikuwa mbali zaidi.

Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akipita na nyavu zake alisimama akatutazama. "Umepanda na maji ya mwisho, baba," akasema. "Sasa subiri mwezi."

Jedwali la maji ninalo, na katika jedwali kuna safu ya saa na safu ya vimo. Nilisoma saa. Sasa nimesoma vimo, na habari ni mbaya kuliko nilivyodhani. Tarehe 30 Agosti mwezi ulikuwa katika sehemu ya njia yake iliyo karibu zaidi na dunia, ndiyo maana bamvua hii ilikuwa kubwa kuliko kawaida. Mwezi mwandamo wa tarehe 15 Septemba utakuja ukiwa mbali, na bamvua yake haitafikia kimo tulichopandia. Bamvua itakayotuinua ni ya mwisho wa Septemba. Ni siku 29 kwenye mchanga.

1 Oktoba 2023: Kilichokuwa ndani ya mkuku

Tumeelea jana saa kumi na nusu jioni, tukiwa na sentimita nyingi za akiba. Bamvua ya katikati ya Septemba ilikuja kama jedwali lilivyosema: maji yalitufika magotini tukiwa tumesimama kando ya chombo, yakaondoka. Walinzi wa usiku na usafiri wa siku hizo vimegharimu shilingi 22,500 ambazo hazikuwa kwenye bajeti.

Kazi ya chini ilikwisha katika siku nane za kwanza. Mguu wa propela ulikuwa umeliwa, una mashimo kama ubao wenye mchwa, na sababu iko wazi: mwenye chombo wa zamani aliupaka rangi ileile ya miili, yenye shaba. Shaba na alumini zikiwa pamoja katika maji ya chumvi ni betri, na alumini ndiyo inayolika. Tumejaza mashimo kwa kulehemu, tukabadilisha mihuri na beringi, tukaupaka rangi isiyo na shaba na kuufunga zinki mpya, inayolika badala ya alumini. Shilingi 164,000. Rangi ya miili, matabaka mawili, shilingi 71,000. Kabla ya rangi hizi za madukani vyombo vya pwani hii vilipakwa shahamu na chokaa, na baada ya kulipa bei hiyo nilizikumbuka.

Baada ya hapo zilibaki wiki za kukaa tu, na kukaa ndiko kulikotoa jibu. Asubuhi moja mke wangu alikaa chini ya chombo kivulini akishona, akaniita kuniuliza mbona mchanga chini ya mkuku wa kushoto haukauki ilhali wa kulia umekauka tangu juzi. Nililala kifudifudi nikatazama. Kwenye pembe ya nyuma ya mkuku palikuwa na ufa mfupi kuliko kidole, na tone la maji likining'inia. Lilianguka, likaja jingine. Nilionja, lilikuwa la chumvi, lenye harufu ya kitu kilichofungiwa.

Ndani ya kila mkuku kuna nafasi iliyozibwa kwa faiba tangu kiwandani, haina mlango wala kifuniko, na mimi nilikuwa nimeichukulia kuwa tupu. Nilitoboa tundu la milimita 10 mahali pa chini kabisa. Maji yalitoka kwa mshipi uliofika karibu mita moja, ya rangi ya chai, na yaliendelea kwa muda wa saa moja na nusu huku tukikinga kwa ndoo na kuhesabu. Yalikuwa lita 140. Mkuku wa kulia nilioutoboa kwa haki tu haukutoa hata tone.

Kwa hiyo tangu Januari nilikuwa nikihamisha betri na vyungu ili kusawazisha shehena ya maji ambayo hakuna aliyeipakia. Tuliacha mkuku wazi wiki mbili ukauke, tukachimba ufa hadi faiba nzima, tukauziba kwa matabaka matano ya faiba na epoksi, na tumeweka plagi ya shaba nyeusi chini ya kila mkuku ili mwingine asitoboe. Anayekagua chombo kinacholalia upande mmoja aanze na nafasi zilizozibwa.

Tulipoelea nilipima. Wastani ni sentimita 1.6 chini ya mstari. Chombo sasa kinalalia kulia, sentimita 1, kwa sababu ya betri nilizozihamishia huko mwezi wa Juni. Leo nimezihamisha tena, hadi chini ya kiti cha ukumbi wa katikati, na kimesimama sawa.

26 Novemba 2023: Mvua, madirisha, mlingoti, choo

Mvua za El Niño zimetupa jaribio ambalo sikuliomba. Sitaha haikupitisha tone. Madirisha mawili kati ya manane yalivuja vibaya, na yote mawili ni mapya, niliyoyafunga mwenyewe mwezi wa Julai. Kioo cha akriliki cha urefu wa mita 1 hurefuka karibu milimita 2 joto likipanda nyuzi 30, na dirisha jeusi juani hupata joto hilo kila siku. Mimi nilikuwa nimeyabana kwa skrubu katika matundu ya kipimo kilekile cha skrubu, na lakiri nikaiminya hadi ikawa nyembamba kama karatasi. Kioo kilipotaka kutembea kilikosa pa kwenda, kikapasuka kwenye matundu. Nimekata vingine, matundu ni mapana, na chini yake kuna vipande vya mpira vya milimita 4 vinavyohakikisha lakiri inabaki nene.

Waya za mlingoti zimebadilishwa zote, milimita 8, zilizoagizwa kutoka nje pamoja na vifungio vyake, shilingi 390,000. Ni pesa nyingi kuliko zote isipokuwa za umeme, na sina la kusimulia kwa sababu kila kitu kilikwenda sawa. Mnyororo wa nanga wa milimita 10, mita 70, umeachia nafasi mita 30 za mnyororo wa milimita 8 na mita 40 za amari (kamba ya nanga) ya nailoni, shilingi 58,000, na kilo 110 zimeondoka omo. Horini hapa, penye matope mazuri ya kushika nanga, hivyo vinatosha.

Vyoo viwili vya pampu na tangi lake tumeviondoa, tukaweka choo kikavu kimoja kinachotenga mkojo. Watu wanaoga na kuvua chaza katika maji haya, na sikutaka kuwa jirani wa namna hiyo. Mtungi wa gasi uko katika sanduku la nje lenye tundu la kumwaga chini, kwa kuwa gasi ni nzito kuliko hewa na ikivuja ndani ya mwili wa chombo hujikusanya kwenye ngama kama maji. Choo, gasi na mabomba ya maji vimekuwa shilingi 96,000.

Chombo kiko nusu sentimita chini ya mstari wa kiwandani.

28 Januari 2024: Kuhamia

Tumehamia tarehe 20. Kila kitu kilichotoka nyumbani kilipita kwenye mizani ya makaa kabla ya kupakiwa kwenye mtumbwi, na hapo ndipo tulipojadiliana kwa kirefu kuliko mradi mzima. Kinu cha mbao, kilo 9, kilibaki kwa dada yake. Mbuzi ya kukunia nazi imekuja. Kichwa cha cherehani, chuma kitupu, kina kilo 12, na mke wangu alisema kwamba kitakuja ama yeye hatakuja. Kisha akauliza kwa upole sanduku langu la vifaa lina kilo ngapi. Lilikuwa na kilo 64. Nimepunguza hadi 41.

Jumla ya kilo tulizoingia nazo, nguo, vyombo, magodoro, vyakula na vifaa, ni 260. Alfajiri ya leo nimepima pembe nne. Chombo kimesimama sawa, sentimita 2.5 chini ya mstari wa kiwandani.

Hesabu ya fedha mpaka leo ni shilingi 1,515,000, yaani 415,000 juu ya bajeti. Katika hizo, 88,000 ni za sindano, waya wa nyumba na mchanga wa Septemba. Hapa sikuhesabu zile 47,000 tulizouza, kwa kuwa zililiwa.

10 Februari 2024: Rangi

Mwili wa chombo usio na rangi ya chini ukikaa majini huota majani ndani ya wiki mbili, na katika ukanda ule wa sentimita 2.5 ulioko kati ya ukingo wa rangi, kwenye mstari wa kiwandani, na maji, majani yalikuwa yamekwisha kuota, kijani, marefu kama nyusi. Tarehe 8 jioni, siku moja kabla ya mwezi mwandamo na maji yakiwa bado yanaongezeka kila siku, tulipanda ufukweni, mita nne chini ya pale tulipokaa Septemba. Nilikwangua, nikasugua kwa maji safi, nikabandika utepe wa karatasi kuzunguka miili miwili, nikapaka kilichokuwa kimesalia katika mkebe wa mwaka jana. Tarehe 9 jioni tuliondoka kwa wakati.

Ukingo mpya wa rangi uko sentimita 3 juu ya mstari wa kiwandani. Mke wangu alinishikia ngazi, na alipouona utepe aliniuliza ni nani yule aliyekuwa akiwacheka wenye chombo wa zamani.